Ving'amuzi Viwili na Antena Moja

Siku ya Gatwiri huko Ruiri ilianza na ng'ombe na kuisha na vyombo. Katikati kulikuwa na shamba la maharagwe, foleni ya maji, na Kaburu, mumewe. Mkokoteni wa punda ulimvunja Kaburu nyonga mwaka uliotangulia. Sasa mwisho wa safari yake ulikuwa mlango wa mbele.

Lakini ikifika saa moja jioni, majirani walikuja kutazama taarifa ya habari kwenye runinga yao. Jirani aliyeitwa Bundi alikuja. Mbae alikuja. Viti vikiisha, watu walikalia ndoo. Walibishana na Kaburu kuhusu viazi na wanasiasa, naye alicheka mpaka akasahau nyonga yake.

Kisha, mwaka wa 2015, mitambo ya zamani ya runinga ikazimwa. Kila nyumba ilihitaji king'amuzi, yaani kisanduku cha kupokea matangazo ya dijitali. Gatwiri aliuza kuku akanunua cha bluu. Fundi wa kampuni alikuja, akapanda juu ya bati, akageuza antena. Picha ikatokea safi. Mwezi ulipokwisha, picha ikapotea na skrini ikaandika: lipa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kile ni cha kulipiwa kila mwezi.

Gatwiri akauza kuku wengine, akanunua cha kijani. Hicho hakikuwa na malipo ya mwezi. Nacho kikaandika: hakuna mawimbi.

Bundi alikuja jioni mbili. Alitazama skrini nyeusi, akauliza hali ya nyonga, akaaga. Jioni ya tatu hakuja.

"Watu wako na kazi," Kaburu alisema. Tangu siku hiyo alikuwa akiomba kupelekwa kitandani kabla ya saa moja. Hilo lilimuuma Gatwiri kuliko kuku wote.

Siku ya soko alitia ving'amuzi vyote viwili kwenye kiondo, akaenda Meru mjini. Malori ya kampuni yalikuwa yamejipanga kando ya barabara. Kila lori lilikuwa na spika zake na vijana wake wa kucheza. Kijana wa fulana ya manjano alichungulia kiondo chake.

"Mama, hizo ni takataka. Walikudanganya. Chukua hii yetu."

Gatwiri alishika mfuko wa pesa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata angeuziwa jiwe angelinunua, mradi litoe habari.

"Mama Murithi, kuja ukae kwanza."

Aliyemwita hivyo, kwa jina la mwanawe, alikuwa Nelius, binti wa jirani yao. Alitengeneza redio na runinga kwenye kibanda pale sokoni. Alichukua king'amuzi cha kijani, akakiunganisha na runinga na antena zake. Picha ikaja mara moja.

Gatwiri aliitazama muda mrefu. "Kumbe hii ni mzima?"

"Ni mzima tangu siku ya kwanza. Hiyo antena yenu, nani aliigusa mwisho?"

"Fundi wa bluu."

"Basi aliielekeza kwa mlingoti wa kurusha matangazo wa kampuni yake. Kila kampuni iko na mlingoti wake, na saa zingine iko kwa kilima tofauti. Hii ya kijani inataka mwingine. Haukuambiwa?"

"Hawa?" Gatwiri alielekeza kidevu kwenye malori. "Kila mmoja aliniambia tu yule mwingine ni mwongo."

"Wanashindania wateja, mama. Ukitaka kununua, uliza maswali. Inalipiwa kila mwezi ama hapana? Imeidhinishwa na serikali? Iwashwe uione ikifanya kazi, na uitishe risiti. Halafu uliza jirani mwenye anaona vizuri, antena yake inaangalia wapi."

"Na hii ya bluu?"

"Weka. Siku ukitaka kulipa, iko. Usinunue ya tatu."

Jumapili baada ya kanisa Nelius alifika Ruiri. Bundi aliitwa apande juu ya bati. Gatwiri aliweka kiti cha Kaburu mlangoni, mahali ambapo angeona skrini na sauti yake ifike juu ya paa.

"Wewe ndiwe utamwongoza," Nelius alimwambia Kaburu. "Huu mstari wa mawimbi kwa skrini ukijaa, mwambie asimame."

"Zungusha," Kaburu aliita. "Polepole. Umepita, rudi kushoto. Kushoto! Bundi, hata ng'ombe wako anaelewa kushoto."

Juu ya bati Bundi alicheka. Mstari ukajaa.

"Hapo hapo. Funga waya."

Saa moja jioni Bundi alikuwa wa kwanza kuingia, akifuatwa na Mbae, na kabla chai haijachemka ndoo zote zilikuwa na watu. Miguu ya Gatwiri ilimuuma. Alihesabu vikombe, akaona havitoshi, akaenda kuazima kwa jirani hivyo hivyo.

Aliporudi, msomaji wa habari alikuwa akizungumza peke yake. Kaburu alikuwa akiwasimulia, kwa mara ya pili, jinsi Bundi alivyogeuza antena kulia alipoambiwa kushoto. Hakuna aliyekuwa akitazama runinga.

Gatwiri akachukua rimoti, akapunguza sauti, akaketi.