Duara la Uwanjani

Jioni hiyo nilimtoa farasi Lusubilo bandani huku mapaja yananiuma kama niliyelima kutwa, na sikuwa nimegusa jembe. Ukungu ulishaifunika Masukulu.

Kazi yangu ni kumpasha moto farasi kabla bosi wangu, Mama Esnath, hajampanda na kumfundisha hatua za madaha. Nasimama katikati ya uwanja na kamba ndefu, farasi ananizunguka. Kwanza taratibu, kisha mbio ndogo, halafu anageukia upande wa pili. Asipopashwa vizuri, kazi ngumu itamvunja.

Kabla yangu alikuwepo Andrea. Alilalamika uchovu, hospitali hawakuona kitu, akafia usingizini. Mama akanipa buti zake, eti zisiozee stoo. Zangu zilishatoboka, nikazivaa.

Tangu hapo naamka nimelowa jasho. Nimechoka jamani, nimechoka mpaka kuogopa naona uvivu.

"Ugonile, Jairo," jirani yetu Bibi Tupokigwe alinisalimia kutoka migombani, ile salamu yetu ya kuuliza kama umelala, hata iwe jioni.

"Nimelala, bibi. Ila sijapumzika."

Akazitazama buti. "Hizo nani kakugawia?"

"Mama."

"Mwe..." Akashusha sauti. "Matanga hayajaanuliwa, mwanangu. Ndugu zake hawajagawa vitu. Hizo bado ni za marehemu, na kilichokuwa kinamfuata..."

Akaingia zake migombani.

Uwanja nilikuwa nimeusawazisha kwa reki jana yake, na farasi hakuwa ametoka bandani tena. Lakini sasa kulikuwa na duara kwenye udongo. Lusubilo akagoma kuingia. Akakoroma, masikio nyuma.

Nikainama.

Hazikuwa kwato.

Zilikuwa buti. Kisigino cha kushoto kimepasuka, kama cha hizi nilizovaa. Hatua fupi fupi, kisha ndefu za mtu anayekimbia, halafu zimegeukia upande wa pili.

Na katikati... nyayo za mtu mwingine, peku. Alisimama palepale, akawa anageuka tu. Hewa ilinuka ugoro. Pale kwetu hakuna anayenusa ugoro.

Nilizivua buti hapohapo. Nikamfungia farasi, nikaenda peku hadi Ikuti kwa ndugu zake Andrea. Dada yake, Elina, alizipokea, akanitazama mdomo tu.

"Hata yeye alikuwa na hivyo," alinong'ona.

Nikajipapasa. Pembe za mdomo zilikuwa zimechubuka, pale pale chuma cha hatamu kinapomchubua farasi.

Usiku huo nililala kwangu, mlango nimeukomea. Nilipoamka miguu ilikuwa na udongo, na uwanjani kuna duara jipya. Safari hii tulikuwa peku wote wawili.

Mama ananiambia nipumzike. Nipumzikie wapi? Watu wananiuliza kama huyo mtu ameniumiza, nawaambia bado. Hilo ndilo linaloninyima raha. Kazi hii naijua mimi. Anayepashwa moto haumizwi, anatunzwa vizuri kabisa.

Kazi yenyewe inakuja baadaye.