Rangi Iliyokataa Kutoka

Nyumbani kwetu mtu akiingia na rangi mwilini hakuna anayeshtuka. Baba yangu ni fundi rangi. Nimeshamwona akirudi na kijani masikioni, na bluu kwenye nyusi, na siku moja na pua nyekundu hata mbwa wa jirani akamkimbia. Jioni akifika hukaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, nami humsugua mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Hapo ndipo tunapopiga soga. Yeye ananiita mama, mimi namwita bosi.

Likizo ile alikuwa akipaka shule yetu. Mwalimu mkuu, sijui kwa ushauri wa nani, alichagua manjano. Shule nzima, kuanzia getini hadi vyooni, manjano! Baba alifanya kazi hiyo na mwenzake mmoja mrefu ajabu, ambaye watu wote humwita Ngazi.

Baba alikuwa amepungua. Majirani walimsifia: "Shemeji, umerudi ujana!" Mama akampunguzia suruali kiunoni, akacheka, baadaye akazipunguza tena. Alijikuna usiku na mchana. Tukasema ni mafuta ya taa. Tumbo lilimuuma hapa juu, maumivu yakapenya hadi mgongoni. Tukasema ni kupanda na kushuka kutwa. Chakula alikiacha nusu sahani, akidai amekula kazini. Kila kitu tulikipatia sababu, na tukaiamini.

Jumamosi moja nilikuwa namsugua kama kawaida. Vidole, viganja, hadi kwenye viwiko. Manjano haikutoka. Nikaongeza mafuta ya taa, nikasugua kwa nguvu.

"Taratibu, mama. Hiyo ni ngozi, si ukuta."

"Manjano ya mwalimu mkuu ina kiburi kama mwenyewe," nikamwambia. Akacheka. Nikakiangalia kitambaa. Kilikuwa na madoa meupe tu.

Ngazi alikuwa ameingia uani kurudisha rola ya kupakia rangi. "Manjano gani tena?" akauliza. "Kuta tulimaliza wiki iliyopita. Wiki hii yote tumo madarasani tunapaka dari. Nyeupe tupu."

Kitambaa kikanidondoka. Niliinua uso nikamtazama Baba, na jua la jioni lilikuwa linampiga usoni. Ule weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano, pembe hadi pembe. Siku zote hizo nilikuwa nakaa naye uso kwa uso, na sikuwa nimeyaona!

"Baba," nikasema, "macho hayapakwi rangi."

Mama alitoka jikoni mbio. Akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, kisha akaenda kumletea viatu vyake. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

"Nimebakiza dari ya darasa moja," Baba akasema. "Nikimaliza nitakwenda kupimwa."

"Dari naimaliza mimi," Ngazi akamkatiza. "Mimi hata ngazi sihitaji." Hakuna aliyecheka.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Mama akasema. "Vaa viatu."

Hospitalini tulipokewa na daktari, mwanamke mpole mwenye miwani. Maswali yake yalimfanya Baba atazame sakafu.

"Mkojo wako una rangi gani, mzee?"

Baba alinitupia jicho, akakohoa. Lakini kwenye mambo ya rangi hawezi kudanganya. "Kahawia. Kama chai kavu iliyokolea."

"Na choo kikubwa?"

"Kimepauka. Kama chokaa iliyoingia udongo."

Mama akageuka. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Sasa mke wangu, mtu mzima ataanzaje kuzungumza habari za chooni?"

Alitolewa damu, akapigwa picha za tumbo, tukaambiwa turudi kwa majibu. Siku ya majibu daktari alisema ni saratani ya kongosho. Neno la kongosho sikuwa nimewahi kulisikia. La saratani nililijua. Mama alitaka kukaa, akakaa mahali pasipo na kiti. Tulimwinua sakafuni, mimi na Baba mgonjwa.

Daktari alitueleza polepole. Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Husaidia kusaga chakula na kudhibiti sukari mwilini. Uvimbe ulikuwa umeubana mrija wa nyongo, nyongo ikakosa njia, ikarudi kwenye damu na kumpaka Baba manjano kutoka ndani.

"Wengi hufika hapa ugonjwa umeshasambaa," alisema. "Wako bado haujasambaa. Tutajaribu kuukata uvimbe."

Walimpasua asubuhi, na jua lilizama hajatoka. Baadaye alipewa dawa kali zilizomtapisha. Daktari hakutuficha kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi, kwa hiyo hadi leo Baba huenda kupimwa. Lakini macho yake ni meupe.

Alipopata nguvu, mwalimu mkuu alimwalika aseme nasi shuleni. Akasimama mbele ya ukuta wake wa manjano.

"Ukuta ukitoa doa la maji," alisema, "fundi mvivu hupaka rangi juu yake. Unapendeza kidogo, kisha doa linarudi kubwa zaidi. Fundi wa kweli huuliza bomba linavuja wapi. Mwili wangu ulitoa madoa: nilikonda, nikawashwa, nikaumwa tumbo hadi mgongoni, choo kikabadilika rangi. Nami nikapaka juu. Wanangu, si kila aliyekonda ana saratani, wala si kila jicho la manjano ni saratani. Lakini asiyepimwa atajuaje? Mkiona dalili hizi kwa mzazi, babu au bibi, semeni, na aende hospitali mapema. Semeni hata kama ni habari za chooni. Aibu haijamponya mtu."

Watoto walicheka aliposema chooni, kisha wakatulia.

Juzi alipata kazi ndogo, kupaka mlango wa duka. Bluu. Jioni akakaa kizingitini, nikachukua kitambaa, nikasugua kidole gumba. Rangi ikatoka. Nikasugua mkono mzima, nikaurudia tena ukiwa safi.

"Mama, imeshatoka," akasema.

"Najua, bosi," nikamjibu. "Lete mwingine."