Kengele ya Ng'ombe Mwekundu

Rafiki yangu Kiptanui alitunza bustani ya memsabu mmoja karibu na Njoro, mwaka wa hamsini na sita. Memsabu alikosa usingizi, akataka kengele ya kumliwaza upepo ukivuma. Kiptanui akatundika mtini kengele ya ng'ombe mwekundu wa kwao nyumbani, aliyekufa kiangazi.

Jioni ukungu ulitanda, upepo ukatulia, kengele ikalia. Mlio ukazunguka nyumba polepole, ukisimama, ukiendelea.

"Kiptanui, nyamazisha hiyo kitu," memsabu akasema dirishani. "Kama hapana nyamaza, kesho wewe hapana kazi."

Akaipapasa gizani. Ilikuwa pale pale mtini. Akaishindilia nyasi, ikanyamaza.

Asubuhi aliikuta tupu. Zile nyasi zilikuwa chini, zimetafunwa, bado zina joto.