Jina la Mwisho kwenye Skrini

Pikipiki ilikata kona bila ishara, na Sindano akaikata nayo.

Land Cruiser yake iliyumba. Pipa la taka likaruka juu. Muuza viatu mmoja alirusha tusi ambalo mama yake asingependa kulisikia.

"Mnara, nipo nyuma yake. Mita thelathini."

"Usimpoteze," redio ilisema sikioni. Mnara alikuwa mkuu wake pale Idara ya Usalama, mwanamke ambaye hajawahi kumsifu mtu hata kwa bahati mbaya. "Ukimpoteza usirudi."

"Ahsante kwa kunitia moyo."

Nyuma ya pikipiki lilifungwa sanduku la plastiki la rangi ya chungwa, aina ile inayobeba diski za filamu kwenda kwenye kumbi za sinema. Kwa taarifa ya asubuhi, ndani yake kulikuwa na *Kiganja*, filamu iliyosubiriwa kuliko zote mwaka huo. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa ingefunguliwa katika nchi kumi na mbili kwa siku moja.

Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa na filamu yake wiki hiyohiyo na haikutaka ushindani. Ikakodi genge. Kazi ya genge ilikuwa rahisi: kuiba *Kiganja* na kuimwaga mitaani na mitandaoni kabla ya Ijumaa. Idara kwa kawaida haihangaiki na sinema, lakini genge lilelile ndilo lililokuwa likipitisha bunduki mpakani, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuacha mkia nje.

Pikipiki iliingia kichochoro. Kosa. Kichochoro kile kiliishia kwenye ukuta.

Sindano alishuka na bastola yake ya Glock mkononi. Yule kijana alikwishainua mikono.

"Mimi nimetumwa tu, kaka!"

"Wote huwa mmetumwa. Fungua."

Kijana akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na sponji, na juu ya sponji, tofali.

"Mnara. Ni tofali."

"Tofali gani?"

"La kuchoma. Zuri tu."

"Kwa hiyo walitaka uwe huko. Na filamu iko wapi?"

Sindano alitazama Casio yake. "Inaonyeshwa saa tisa, kwa wenye kumbi na wale walioitengeneza. Kwenye ukumbi alioukodi dada."

"Dada gani?"

"Wangu."

Sindano alimwacha kijana na tofali lake, akageuza gari.

*

Ofisi ya juu ya ukumbi ilinuka kahawa na ugomvi. Watu watatu walikuwa wakirushiana maneno, na hakuna aliyegeuka Sindano alipoingia.

"Filamu hii ni mimi!" Huyo alikuwa mkuu wa masoko, suti ya bluu, viatu bila soksi. Kila mtu alimwita Bango. "Miezi minne nimewaonyesha watu mkono tu. Kila bango mkono, kila trela mkono! Nchi nzima inabishana mkono ule ni wa nani. Siku jibu likivuja, nani atakata tiketi?"

"Na hiyo tiketi ataikatia wapi? Sebuleni kwako?" Msambazaji alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Walimwita Mama Ramani, kwa sababu ukimtajia mji wowote atakwambia una kumbi ngapi na ipi ina kiyoyozi kibovu. "Mimi ndiye niliyewabembeleza wenye kumbi nchi kumi na mbili. Wamenipa wikendi nzima ya kwanza kwa sharti moja: isionekane popote kabla ya Ijumaa. Wakiiona mtaani kesho, wanaweka filamu nyingine. Hawana undugu wale."

"Mkimaliza kugawana filamu yangu," alisema wa tatu, "mniambie nimebakiziwa nini."

Huyo wa tatu ndiye mtayarishaji. Ndiye dada yake Sindano. Alikuwa ameikalia filamu hiyo miaka saba. Mafuriko yalimzolea seti nzima akaijenga upya, mwigizaji mkuu alivunjika mguu akamsubiri apone, na sasa macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu anayelala kwenye viti. Alimwona mdogo wake mlangoni. Akakunja uso.

"Nani amemwita huyu?"

"Wezi," Sindano alisema. "Diski zenu zikoje?"

Mama Ramani ndiye aliyejibu. "Zimefungwa. Kila moja ina ufunguo wake wa kompyuta, unaokubali mashine moja tu, na haufanyi kazi mpaka Ijumaa mchana. Ukiiba diski umeiba chuma."

"Inafunguka wapi kabla ya Ijumaa?"

Watatu wakatazamana. Kwa mara ya kwanza hawakubishana.

"Hapa," dada alisema. "Leo. Saa tisa."

"Ahirisheni."

"Tukiahirisha, wenye kumbi watajua tuna hofu," Mama Ramani alisema. "Wakijua hivyo, tumekwisha."

Bango na Mama Ramani waliteremka huku wakizozana ngazi nzima. Dada alibaki, akimtazama mdogo wake kama mtu anayetazama doa kwenye kitambaa cha meza.

"Hukuja kumzika mama."

"Nilikuwa kazini."

"Ulikuwa kazini." Alilirudia neno taratibu. "Filamu yangu ya kwanza mama alishona nguo zote kwenye meza ya jikoni. Tulikula tukiwa tumesimama mwezi mzima, unakumbuka? Nimemweka kwenye majina ya mwisho. Baada ya wapishi, baada ya madereva. Amebaki peke yake kwenye skrini. Ila wewe hutaliona. Umezoea kuondoka mapema."

"Dada..."

"Linda filamu. Hicho unakiweza."

Ilimuuma. Alikuwa amepigwa risasi mara mbili katika maisha yake, na zote hazikuuma hivyo. Aliteremka ngazi akikumbuka utoto wao, sinema za Jumamosi, filamu imekwisha, yeye amebanwa na mkojo na dada amemshika ukosi wa shati. *Kaa chini. Hawa watu wamefanya kazi.* Hakuna aliyeruhusiwa kunyanyuka mpaka jina la mwisho lipite. Baadaye, dada alipoingia kwenye kazi hiyo, Sindano aligundua kuwa mafundi wote wa filamu wana ugonjwa uleule.

*

Saa tisa, taa zilizimwa.

Simu zote za wageni zilichukuliwa mlangoni. Sindano alisimama pembeni na darubini ya kuonea gizani. Hakutazama filamu hata sekunde moja. Alitazama watu.

Wenye kumbi walikaa mbele, matumbo yametangulia. Katikati walikaa mafundi: wa kamera, wa taa, wa nguo, mhariri na mwongozaji aliyekuwa aking'ata kucha. Safu ya nyuma kabisa alikaa fundi wa sauti na meza ndogo, headphone za Sony shingoni, waya mmoja umetoka kwenye chumba cha projekta mpaka mezani kwake. Alisema anapima sauti. Alitoka studio ya ng'ambo iliyochanganya sauti ya filamu, na kwa kuwa kazi hiyo ilifanyikia mtandaoni, hakuna aliyewahi kumwona. Dada alikuwa amemkumbatia mlangoni. "Hatimaye nimekuona, mtu wangu!" Beji yake ilikuwa na jina sahihi.

Darubini ilipita kichwa baada ya kichwa.

"Mnara, hakuna kamera."

"Tazama tena."

"Nimetazama mpaka masikioni mwao. Hakuna."

"Basi wamekuzidi akili. Si jambo gumu."

Kwenye skrini mkono ule ulipata mwenyewe. Ukumbi mzima ukaguta. Mwenye ukumbi mmoja, pande la mtu, alikuwa akijifuta machozi kwa tai. Skrini ikawa nyeusi, muziki ukaanza, na majina yakaanza kupanda.

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda siku zote. Mama Ramani alinyanyuka jina la kwanza lilipotokea, anakimbilia lori lake. Bango naye akatoka kuwawahi wenye kumbi sebuleni mwa jengo, kwenye vinywaji. Wenye kumbi wakafuata, wakisukumana, wakicheka kwa nguvu.

Mafundi hawakusogea. Hata mmoja. Mhariri alipigiwa makofi jina lake lilipopita. Watu wa taa walipiga miluzi kwa ajili ya watu wa taa.

Na fundi wa sauti alikuwa akikunja waya.

Sindano alishusha darubini taratibu.

Yule mtu alichomoa kitu kidogo cheusi chini ya meza, akakitia kwenye begi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Majina ya sauti yalikuwa bado hata kuanza.

*

"Fundi!"

Alikuwa katikati ya korido. Aligeuka akiwa na tabasamu tayari usoni.

"Ndiyo, kaka?"

"Jina lako halijapita."

"Jina gani?"

"Lako. Lile la kwenye beji. Linakuja sasa hivi. Hulisubiri?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, ila macho yaliliacha. "Nawahi ndege."

"Miezi yote hiyo ya kazi, na hutaki kuona jina lako?"

Sasa alikuwa ameelewa kuwa amekosea, ingawa hakujua amekosea wapi. Mkono uliingia kwenye begi ukatoka na bastola yenye kizuia sauti.

Sindano alikwishaondoka pale aliposimama. Risasi ya kwanza ilichimba ukuta. Ya pili ilipasua taa. Sindano alimpiga begani, wakavunja mlango pamoja na kuangukia sebuleni, katikati ya wenye kumbi na glasi zao.

Watu walipiga kelele. Bastola ilifyatuka kwa mara ya tatu, ikakata kamba.

Kamba hiyo ilikuwa imeshikilia mkono. Ulikuwa wa boksi gumu, mrefu kushinda watu wawili, fahari ya Bango. Uliinama kama unaotoa baraka, kisha ukaanguka juu ya fundi wa sauti kwa kishindo cha kabati.

"Mkono wangu!" Bango alilia.

"Laleni chini wote!"

Mtu yule alichomoka chini ya kidole cha shahada, begi kifuani, bastola imebaki nyuma. Akavunja dirisha la uani na kuruka nje. Hiace nyeupe ilikuwa ikimsubiri, injini inawaka, mlango uko wazi.

Sindano alipiga simu huku akikimbia.

"Mama Ramani! Lori lako liko wapi?"

"Getini. Linapakia. Na usinipigie kelele."

"Lisisogee."

"Nani kakwambia lina haraka?"

Hiace iliwasha taa na kupiga honi. Lori lilijaa geti zima, ubavu kwa ubavu, na vijana wawili walikuwa wakipakia masanduku ya chungwa kwa mwendo wa watu wanaolipwa kwa siku. Mama Ramani alisimama katikati ya njia, mkono kiunoni.

"Piga tena hiyo honi," alimwambia dereva wa Hiace, "uone kama itapata miguu."

Dereva aliona Glock inakuja mbio kwenye kioo cha pembeni. Akazima injini mwenyewe. Yule fundi wa uongo alijaribu kutoka na kukimbia. Sindano alimpokea kwa kiwiko cha pua, akamlaza kifudifudi kwenye kokoto, akamfunga pingu.

"Nimekosea wapi?" mtu yule aliuliza, damu mdomoni. Alitaka kweli kujua. "Niambie."

"Umenyanyuka."

Ndani ya begi kulikuwa na kiboksi cheusi, kidogo kuliko pakiti ya sigara. Waya ule wa kupima sauti ulikuwa umekibebea filamu nzima, picha na sauti, bila kufuli.

"Mnara. Mzigo ninao. Watu wawili chini ya ulinzi. Tuma gari."

"Wawili tu?"

"Wanatosha. Wanajua na njia ya bunduki."

"Hm," Mnara alisema. Kwake yeye hiyo ilikuwa sherehe. "Bakia hapo. Nataka ripoti sasa hivi."

Kupitia dirisha lililovunjika, muziki wa mwisho ulikuwa bado unasikika.

Sindano alimkabidhi Mama Ramani wale watu wawili, na Mama Ramani akawapokea kama aliyekuwa akiwasubiri. Kisha Sindano akakimbia. Alikimbia kuliko alivyomkimbiza yule mtu. Aliruka dirisha, akaruka kioo, akampita Bango aliyepiga magoti kando ya mkono wake, akaingia korido na kusukuma mlango.

Giza. Mafundi wote walikuwa wamekaa vilevile.

Wapishi walikuwa wakipanda. Halafu madereva, dereva mmoja mmoja, na kila mmoja alipata makofi yake.

"Sindano," redio ilisema. "Ripoti."

Skrini ikawa tupu. Muziki ukakoma. Kisha jina moja likatokea katikati, dogo, jeupe, jina la mwanamke aliyeshonea nguo kwenye meza ya jikoni. Hakuna aliyepiga makofi. Mafundi wakasimama, wote, kimya.

"Sindano! Uko wapi?"

"Niko mazishini," alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja."

Akachomoa kifaa sikioni na kukitia mfukoni.

Jina lilikaa. Alilisoma, akalisoma tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa gizani hakuna wa kumwona isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa amekwishageuka safu ya tatu na kumtazama.

Jina likafifia. Taa zikawashwa.

Dada alikuja mpaka mlangoni. Hakutabasamu.

"Shati lako lina damu."

"Si yangu."

"Filamu?"

Alimpa kile kiboksi. Dada alikigeuza mkononi, akatazama meza tupu ya nyuma, akaelewa. "Nilimkumbatia yule."

"Niliona."

"Hujasamehewa," dada alisema.

"Najua."

"Ijumaa kuna onyesho la jioni. Nakuwekea kiti. Ukinyanyuka kabla ya mwisho, nakushika ukosi mbele za watu."

"Sitanyanyuka, dada."

Sebuleni, Bango alimzuia, macho yamemtoka. "Nani atanitengenezea mkono mwingine kabla ya Ijumaa? Eh? Nakuuliza wewe!"

Sindano aliruka kidole gumba, akavaa miwani yake ya jua, akatoka juani.