Mkono wa Kibonge

Kila asubuhi Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa kupenda kusema, alimpeleka mdogo wake shule ya chekechea. Kibonge alikuwa na miaka mitatu, mzito wa mwili na mzito zaidi wa kuamka. Siku hiyo aliketi kitako mlangoni, akagoma. Chiriku akamshika mkono mmoja, akamvuta kwa nguvu. Kibonge akapiga yowe, na mkono wake ukaning'inia tu.

"Kuna nini huko?" Mama akatoka mbio.

"Ameanguka ngazini, Mama." Uongo ulimtoka Chiriku kabla hajaufikiria.

Wakakimbilia hospitali. Daktari aliposikia habari za ngazi hakutaka kuugeuza mkono ule ovyo. Aliagiza upigwe picha kwanza. Wakangoja, Kibonge akilia, Mama akimbembeleza. Picha ilipowekwa kwenye kioo chenye taa, Chiriku aliona mifupa myeupe, na kati yake nafasi nyeusi. Mungu wangu! Haikugusana hata kidogo.

"Nimemvunja vipande vipande!" akaangua kilio. "Hakuanguka, Daktari. Mimi ndiye niliyemvuta mkono!"

Mama akamkodolea macho. Daktari akashusha pumzi.

"Kumbe! Mbona hukusema tangu mwanzo, binti?"

Akakishika kiwiko cha Kibonge, akageuza kiganja juu, akaukunja mkono. Ko! Punde Kibonge akaunyoosha mkono uleule, akaivuta miwani ya daktari. Mama akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Na zile nafasi?" Chiriku akauliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ni gegedu. Finya sikio lako hapo juu; ndivyo ilivyo. Picha hii haiioneshi. Mtoto akikua, sehemu kubwa yake hugeuka mfupa. Na hapa kiwikoni pana kano, utepe mgumu unaouzunguka mfupa kama pete. Kwa mtoto mdogo bado imelegea, kwa hiyo ukimvuta, mfupa huchomoka kidogo. Mnyanyue kwa makwapa, usimning'inize kama ndoo."

"Nisamehe, Mama," Chiriku akasema.

Mama akamvuta karibu.

"Kumvuta, hukujua madhara yake, hilo nimekusamehe. Lakini neno moja la kweli lingemponya mwenzio mara tulipofika, nawe ukalimeza. Daktari hutibu anachoambiwa, mwanangu."