Programu ya Mume Wangu Ilimzika Mama Yangu

Nina miaka ishirini na minne, naishi Masasi na mwanangu Zuhura. Hasira niliyonayo... acheni tu!

Nilikuwa mapokezi kwenye kituo kimoja cha afya cha binafsi. Programu ya kompyuta aliiandika mume wangu. Humo aliweka kitu wanachokiita msikilizaji: faili la mgonjwa likifungwa kwa kuwa amefariki, chenyewe kinatuma ujumbe wa msiba kwa ndugu.

Baadaye ikaongezwa kliniki ya watoto. Faili la mtoto hufungwa akimaliza chanjo. Mume wangu akamtundika na huko msikilizaji yuleyule!

Nikamuuliza, huyu si wa marehemu? Akacheka mbele ya wenzangu.

“Mama Zuhura, na form four yako unifundishe kazi? Faili ni faili! Mmoja anawatosha wote.”

Wenzangu nao wakacheka. Nikaona haya, nikarudi kwenye kazi yangu...

Zuhura alipomaliza chanjo, wa kwanza kabisa pale kliniki, faili lake nililifunga mwenyewe, kwa furaha. Ndugu niliyemwandikisha ni mama yangu, aliyeishi kijijini Makote, kule Newala.

Ujumbe ukamfikia: Zuhura amefariki. Alinipigia mara nyingi, lakini kazini simu zetu zilikaa droo moja mpaka tutoke. Nani angepokea?

Kwetu habari ya msiba ikifika, hawasubiri maiti. Vijana wakachukua majembe, wakachimba kaburi dogo. Mama alikuwa na presha... akaanguka, hakuamka tena.

Nilipoona zile simu nikapiga, hazipokelewi. Nikapanda gari, Zuhura mgongoni. Kufika, watu wakanikimbia!

“Wee Asha, umembeba nani?” shangazi alipiga ukelele.

Zuhura akaanza kumwita bibi yake.

Kaburi lile la mtoto wakalipanua, wakamlaza mama yangu.

Na mume wangu? Aliwaambia wajomba zangu: “Mashine haina kosa, mke wangu kabonyeza vibaya.” Mjomba mkubwa akanifukuza: “Umemuua dada yangu kwa kidole!”

Niliporudi kazini nikakuta mume wangu ameshatenganisha kimyakimya, marehemu na msikilizaji wao, watoto na msikilizaji wao. Kumbe alijua! Nikamwachia nyumba yake.

Vijana wa kompyuta, kufa na kumaliza chanjo ni habari moja? Kila kitu kipeni msikilizaji wake!

Na ninyi dada zangu, mkiona hatari, msinyamazishwe na kicheko cha mwanamume. Wacheni wawacheke, nanyi pigeni kelele. Mimi niliona haya kuchekwa... leo sina mama.