Chupa ya Maji ya Lucy

Jambo hili lilimpata Mikaeli, karani wa bandarini, mwenzetu wa jumuiya. Jumamosi ile aliamka vizuri tu. Alisali, akanywa chai ya rangi, akaenda gereji moja ya Chikongola kumchukua fundi Anold. Alimwambia rejeta inavuja tena, waende wakalijaribu gari pamoja barabara ya Msimbati. Hakumwambia kwamba siku hiyo ilikuwa arobaini ya mkewe.

Anold alipanda akitafuna andazi.

"Mzee, gari hili lishakuwa mke. Kila wiki linadai matunzo!"

Mikaeli aliuma meno. Akaondoa gari.

Siku arobaini nyuma alikuwa akimkimbiza mkewe, Lucy, hospitali ya mjini, kutoka Msimbati ambako Lucy alikuwa akifundisha. Lucy alikuwa mjamzito, anatoka damu, kiu imemkaba. Walipoipita Madimba, gari likachemsha katikati ya mikorosho. Rejeta ilikuwa kavu, ile ile ambayo Anold aliapa ameichomelea ikapona. Ndani ya gari mlikuwa na maji chupa moja ndogo, ya Lucy.

"Yatie, twende," Lucy alisema. "Mimi nitavumilia."

Mikaeli akayatia. Yakavujia mchangani yote. Lucy alikata roho kwenye kiti cha nyuma, akilamba midomo.

Sasa alisimamisha gari pale pale. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi.

"Shuka. Mke wangu alifia hapa. Niambie ulichofanya."

"Pole, mzee. Lakini kazi ya Mungu haina makosa."

"Mungu hakuishika rejeta yangu! Usimsingizie!"

"Haki ya Mungu tena, niliichomelea."

Mikaeli alifungua boneti, akaviringisha kitambaa mkononi, akazungusha kizibo cha rejeta. Alitazamia mvuke. Haukutoka. Injini ilikuwa imetoka kukimbia mwendo mzima, lakini rejeta ilikuwa ya baridi kama mtungi.

Kisha povu likapanda. Jeupe. Likanukia sabuni ya kufulia. Likafurika, likateremka hadi kwenye kandambili za Anold.

Fundi alirudi nyuma hatua moja.

"Nilikandika sabuni," alinong'ona. "Kipande cha sabuni ya mche tu, mzee. Magari yalikuwa mengi siku ile. Nikasema utarudi."

"Nirudi! Nirudi na nani?"

Mikaeli aliinua ngumi. Siku arobaini alikuwa ameiombea nafasi hiyo, na moyoni hakuona aibu kuiombea.

Hapo sauti ikatoka kiti cha nyuma. Taratibu. Bila hasira.

"Mikaeli. Maji yangu."

Hakuitwa Anold. Aliitwa yeye.

Ngumi ilishuka yenyewe. Alikwenda mlango wa nyuma, akaufungua. Hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimelowa. Kimelowa kwa umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti amekunja.

Aligeuka. Anold alikuwa mbali, anakimbia kurudi mjini, kandambili yake moja imebaki kwenye povu.

Mikaeli alifungiwa rejeta mpya na fundi mwingine wa Mikindani. Haivuji. Padri amelibariki gari mara mbili. Hata hivyo kila asubuhi maji ya rejeta yalikuwa yamepungua, kipimo cha chupa moja ndogo, na chini ya gari mchanga mkavu.

Mikaeli huyu ndiye aliyekuwa akiwakemea majirani wanaowawekea marehemu wao chakula. Sasa kila jioni, akimaliza rozari, hununua chupa ndogo ya maji na kuilaza kwenye kiti cha nyuma. Maji ya rejeta hayajapungua tena.

Asubuhi chupa huwa tupu. Kizibo kimekaza, na ule utepe wa plastiki unaokishikilia haujakatika.